Dola ya Sultani, franga ya Léopold: mwenye mizani njo mwenye bei

Mwezi wa Agosti 2021, katika mnada mmoja huko Marekani, kipande cha feza cha dola 1 kiliuzwa dola 7.680.000. Kipande kimoja tu, chenye uzito wa karibu gramu 27 na kimeandikwa mwaka 1804. Ukikiyeyusha, utapata gramu 24 za feza safi, ambazo haziwezi kukununulia hata baiskeli ya kubebea mzigo mpaka Kindu.

Wataalamu wanaamini kwamba kipande hicho kilikuwa zawadi ya serikali ya Marekani kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja. Ni Unguja ile ile ambayo misafara yake ilikuja kufika baadaye Nyangwe na Kasongo, huku kwetu Maniema.

Mtu wa Kalima atauliza: «Ile inaniangalia nini miye? Miye natafuta kasiterite, hapana dola ya Sultani.»

Inamwangalia, kwa sababu mbili. Ya kwanza: ndani ya masanduku ya familia za wafanyakazi wa zamani mungali franga za chuma za wakati wa Wabelgiji, na pengine za Léopold II mwenyewe. Mara kwa mara anapita mtu na kibegi chake, anauliza kama kuna feza za zamani, anaangalia kidogo, anataja bei kwa macho, analipa, anaenda. Ya pili: wapo wengine wanaokuja kinyume, wao njo wanauza. Wanatoa mfukoni dola ya feza, wanasema ni ya mababu wa Marekani, anayeinunua leo atatajirika kesho. Kwa namna zote mbili, anayejua uzito anakula, asiyejua analipa.

Sisi wa migodi tunaijua sana hadithi hii. Unashuka na mfuko wako wa kasiterite. Mnunuzi anapima kwa mizani yake, anasema asilimia ya bati aliyoiona yeye, anakata maji na mchanga kama anavyotaka, kisha anakuambia bei ambayo amepanga mwenyewe. Sarafu ya zamani inauzwa vile vile. Lakini kuna tofauti moja nzuri: sarafu ulipimiwa uzito wake na sheria tangu siku ilipopigwa, na uzito ule unajulikana. Unaweza kuuhakikisha nyumbani mwako, mbele ya bibi na watoto, kabla mnunuzi hajafungua mdomo.

Neno moja, vitu viwili

Katika Kiswahili chetu feza ni yale madini meupe, na feza ni kile unacholipia unga. Wafaransa nao wanasema «argent» kwa vyote viwili. Si bahati tu. Zamani vilikuwa kitu kimoja: sarafu ilikuwa madini yaliyopimwa, na chapa ya serikali juu yake ilikuwa ni kama kusema, «Msipime tena, sisi tumekwisha kupima.»

Wamarekani waliandika kipimo chao katika sheria ya tarehe 2 Aprili 1792. Dola moja iwe na feza safi gramu 24 na kitu kidogo. Kipimo hicho hawakukibuni. Walikifuata kwa reale kubwa ya Waspania, ambayo wakati ule ilizunguka dunia nzima. Na feza ya reale ile ilitoka katika migodi ya Mexico na ya Potosí, katika nchi inayoitwa leo Bolivia. Huko Potosí vijiji vililazimishwa kutoa wanaume kwa zamu, washuke chini ya mlima. Kwa hiyo hata dola, ambayo leo tunahesabia bei ya kasiterite yetu, ilizaliwa kwa jasho la wachimbaji wenzetu.

Dola za kwanza za Marekani zilipigwa katika mji wa Philadelphia mwaka 1794. Zilikuwa 1.758 tu. Moja yazo iliuzwa mwezi wa Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10. Juu ya nini? Ni za kwanza, zilikuwa chache, nyingi zimepotea, na ile moja ilikuwa karibu kama mpya.

Mwaka 1804 wakaacha kuzipiga, kwani wafanyabiashara walikuwa wanazipeleka ng'ambo na hazikubaki nchini. Ikapita miaka 30. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said. Serikali yake ikataka kumpelekea Sultani zawadi ya heshima: kisanduku chenye sarafu moja moja ya kila aina ya nchi yao. Watu wa kiwanda wakafungua vitabu, wakakuta kwamba dola za mwisho zilitoka mwaka 1804. Kumbe dola zile za 1804 zilikuwa zimepigwa kwa chapa za miaka ya nyuma. Hakuna hata moja iliyobeba tarehe hiyo. Wao wakapiga dola mpya, wakaziandika 1804. Roberts akafikisha kisanduku Muscat mwaka 1835, na kingine kwa mfalme wa Siam, yaani Thailand ya leo, mwaka 1836.

Baadaye watu wa kiwanda chenyewe walipiga nyingine chinichini, kwa ajili ya matajiri waliozitaka. Kwa jumla zinajulikana dola 15 za mwaka 1804 duniani pote. Kila moja ina jina lake, na inajulikana imepita kwa nani na nani. Msomaji, ishike namba hiyo 15. Itakusaidia huko mbele.

Kutoka merikani mpaka mitako

Mkataba ule wa 1833 uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani. Mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, akakaa Unguja. Walinunua pembe, wakaleta nguo nyeupe ya pamba. Nguo hiyo watu waliiita merikani, na jina lile lilisafiri na misafara mpaka kwenye Lualaba. Livingstone alipokaa Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa lenye maelfu ya watu, na biashara na wageni ilikuwa ya nguo na ushanga. Warega wa Pangi walikuwa na musanga, vipande vya gamba la konokono vilivyotungwa kwa kamba, na hiyo ilikuwa mali ya kweli.

Pwani walitumia reale ya feza yenye picha ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Sarafu hiyo daima imeandikwa 1780, hata ile iliyopigwa miaka mia moja baadaye. Mpaka leo inapigwa Vienna na tarehe ile ile. Kwa hiyo mtu akikuonyesha 1780 usitetemeke. Ina uzito wa gramu 28 na ndani yake mna feza kweli, lakini tarehe peke yake haisemi umri.

Kisha akaja Léopold II. Franga ya Kongo ilianzishwa tarehe 27 Julai 1887. Katika miaka 1887 mpaka 1896 zilipigwa sarafu za feza za franga 5, franga 2, franga 1 na nusu franga, pamoja na sarafu ndogo za shaba zenye tundu katikati. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme na ndevu zake. Upande wa pili kuna nembo ya dola yake na maneno «Travail et Progrès», Kazi na Maendeleo.

Kazi ilikuwapo. Lakini watu walioleta mpira na pembe hawakuziona sana franga hizo. Walilipwa nguo, chumvi na mitako, yaani vipande vya waya wa shaba, na wengi walilipwa fimbo. Kodi yenyewe ilikuwa kazi, hapana pesa. Njo maana sarafu za Léopold hazikutapakaa, na njo maana leo ni chache na za bei. Kila anayeishika moja akumbuke kwamba uchache wake unatokana na mishahara ambayo haikulipwa.

Nini iko ndani ya sanduku ya koko?

Tuseme umefungua sanduku la marehemu koko wako. Hizi njo unaweza kukuta.

Franga 5 ya Léopold II: upana milimita 37, uzito gramu 25, na kwa kila sehemu 1000 za madini, 900 ni feza. Ndani yake mna feza safi gramu 22,5.

Franga 2, franga 1 na nusu franga za Léopold II: gramu 10, gramu 5 na gramu 2,5. Hizi zina feza 835 kwa 1000. Ya franga 2 ina feza safi gramu 8,35.

Franga 50 ya Kongo ya Wabelgiji, ya mwaka 1944, yenye picha ya tembo. Ilipigwa Pretoria, Afrika Kusini, kwani Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani tangu 1940. Uzito wake gramu 17,5, nusu yake ni feza: gramu 8,75.

Franga 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na tembo. Hii ilipigwa Philadelphia, mahali pale pale palipotoka dola ya 1794. Wengi wakisikia «imetoka Marekani» wanadhani ni feza. Sivyo. Ni shaba ya manjano. Ilikuwa miaka ya vita. Wajapani walikuwa wameshika Malaya na migodi yake ya bati, na kasiterite ya Kalima, iliyokuwa ya Symétain tangu miaka ya 1930, ilitafutwa sana na mataifa yaliyopigana na Ujerumani na Japani. Bati letu lilikwenda vitani, na mfanyakazi akapata kasarafu ka shaba. Si mali ya kutajirisha mtu, lakini ni ushahidi wa wakati ule, na mtoto wa shule angepaswa kuiona.

Mwisho, kuna franga nyeupe za mfalme Albert za miaka ya 1920, zenye mti wa mchikichi. Zinang'aa kama feza, lakini ni shaba iliyochanganywa na nikeli.

Mizani, sumaku na glasi ya maji

Mchimbaji ana elimu ambayo mtu wa mjini hana: anajua kwamba mawe mawili ya ukubwa mmoja hayana uzito mmoja. Unapotikisa karai mtoni, mchanga unaenda na kasiterite inabaki chini, kwa sababu ni nzito. Kupima sarafu ni elimu ile ile.

Kwanza, sumaku. Ile unayotumia kutoa chuma ndani ya kasiterite inatosha. Feza haishikwi na sumaku. Sarafu ikishikwa, funga mazungumzo.

Pili, uzito. Tafuta mizani ndogo ya elektroniki, ile ya wanaopima dhahabu. Usipime kwa vijiti vya kiberiti wala kwa sarafu nyingine, kama wafanyavyo wanunuzi wengine wa dhahabu huku mashariki. Franga 5 ya Léopold iliyochakaa inaweza kupungua kidogo chini ya gramu 25. Ikipungua gramu 2 au 3, kuna shaka kubwa.

Tatu, maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, kisha rudisha namba kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha namba ndogo. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Kwa franga 5 ya kweli, mizani itaonyesha karibu 2,4, na 25 kugawa kwa 2,4 ni kama 10,4. Feza ya sarafu za Léopold inatoa 10 na kitu. Shaba na nikeli zinatoa karibu 9. Bati linatoa 7,3. Risasi inapita 11.

Angalia vizuri hapo kwenye bati. Sarafu ya uongo iliyomiminwa kwa bati inakuwa nyeupe, inapendeza, na inamdanganya mama sokoni. Mchimbaji wa Kalima akidanganywa na bati, hiyo ni aibu mbili.

Nne, mlio. Iweke sarafu juu ya ncha ya kidole, iguse taratibu kwa sarafu nyingine. Feza inalia kama kengele ndogo, sauti inakaa. Bati na risasi zinalia puu, kama mti.

Bei ni mbili, si moja

Bei ya kwanza ni ya madini. Chukua gramu za feza safi, zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Bei ya dunia inatajwa kwa onsi, na onsi moja ya feza ni gramu 31,1. Tuseme, kwa mfano tu, gramu moja imefika dola 1. Basi franga 5 ya Léopold ni dola 22 na nusu, na franga 50 ya tembo ni karibu dola 9. Hiyo ni sakafu. Mtu asikununulie chini ya sakafu akasema anakusaidia.

Bei ya pili ni ya wakusanyaji, wale wanaotafuta sarafu kwa ajili ya historia na uzuri wake. Wao hawaulizi gramu tu. Wanauliza zilipigwa ngapi, zimebaki ngapi, mwaka gani, na hali yake ikoje: ndevu za mfalme zinaonekana? Herufi zote zinasomeka? Ukingo hauna alama ya tupa? Franga 5 ya Léopold iliyo safi inauzwa Ulaya kwa mamia ya euro. Franga 50 ya 1944 inaweza kufika makumi. Umeona basi hasara ya mtu anayempelekea mfua bangili sarafu kama hizo ziyeyushwe: anabaki na sakafu, anatupa nyumba.

Na kuna hasara nyingine tunayojifanyia wenyewe. Mtu anaona sarafu ni nyeusi, anaisugua kwa majivu, mchanga au dawa ya meno ili ing'ae. Ile rangi nyeusi si uchafu, ni ngozi ya feza iliyozeeka. Ukiisugua unaacha mikwaruzo, na mkusanyaji akiona mikwaruzo anakata bei mara moja. Vilevile ukiitoboa tundu la mkufu. Ioshe kwa maji tu, ikaushe kwa kitambaa laini, ifunge peke yake ndani ya karatasi safi. Ishike kwa ukingo.

Ile dola wanayotembeza

Sasa turudi kwenye namba 15. Dola za kweli za 1804 ni 15, na zote zinajulikana ziko wapi au zilipita wapi. Basi mtu akikuletea dola ya 1804 sokoni, kwenye parking ya motopompi au kwenye shimo, usipoteze hata muda wa kupima: ni ya uongo. Za uongo zimetengenezwa kwa wingi mno, pamoja na zile za 1795 mpaka 1803 na zile dola kubwa za biashara za miaka ya 1870. Nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya feza, nyingine ni shaba nyeupe.

Dola ya feza ya kweli ya miaka ile ya kwanza ina uzito wa gramu 26,96. Zile za kawaida za kuanzia 1840 mpaka 1935 zina gramu 26,73. Ndani ya zote mna feza safi ile ile, gramu 24 na kidogo. Namba hizo mbili ziandike nyuma ya mlango. Na ujiulize swali ambalo halihitaji mizani: kama kweli kitu hicho kina thamani ya nyumba, kwa nini mwenyewe anakiuza kwako kwa bei ya mbuzi, usiku, na kwa haraka?

Tufanye nini

Sarafu ya familia isiuzwe siku ile ile iliyoulizwa. Ipime, iandike katika daftari: mwaka, uzito, hali yake. Ipige picha pande zote mbili kwa simu. Usimwachie mnunuzi alale nayo, hata akiwa rafiki. Tafuta bei kwa watu watatu kabla ya kukubali. Kama umekuta vitu vya zamani chini ya ardhi wakati wa kuchimba, jua kwamba kuna sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya kulinda mali ya utamaduni. Uliza kwanza, usije ukauziwa kesi.

Neno la pekee kwa familia za marehemu. Mara nyingi sanduku linafunguliwa siku za matanga, wakati minerval ya watoto inangoja na deni la dawa halijalipwa. Njo wakati mnunuzi anapita. Mama mjane asiachwe peke yake mbele yake, na mashemeji wasigawane vitu kabla havijahesabiwa mbele ya watoto wakubwa.

Kwa wenzetu wa sendika na wa kooperative: mizani ndogo ya elektroniki, sumaku moja na glasi ya maji si mzigo wa kutushinda. Kila kikundi kinaweza kuchanga na kuwa navyo, vikae kwa mtu mmoja anayeaminika, na kila mwenye sarafu aje apime bila kulipa. Tukizoea kupima kitu kidogo, hatutakubali tena kupimiwa kile kikubwa. Siku mfuko wa kasiterite utakapowekwa juu ya mizani ya mnunuzi, tuwe tumekwisha kuupima sisi, tumeandika kilo zake katika daftari letu, na mnunuzi aambiwe mapema kwamba daftari hilo lipo.